Mzazi ahimize, lakini mtoto akimbilie wapi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 au 4 ashughulishe mwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho. Nchini Marekani, wazazi wenye asili ya Amerika ya Kilatini husomewa kipimo hiki kama mashtaka. Takwimu za afya za huko za 2017 hadi 2020 zilionyesha kuwa asilimia 26.2 ya watoto na vijana wao wa miaka 2 hadi 19 wana unene uliopitiliza, ilhali kwa Wazungu ni asilimia 16.6.

Wanaowalaumu wazazi wana hoja. Zipo familia ambamo bibi humwona mtoto mnene ndiye mwenye afya, mama humfungia ndani wakati wa baridi asije akaugua, na televisheni humtuliza wakubwa wakiwa jikoni. Mazoea ya umri huo hayang'oki kirahisi.

Lakini lawama hiyo haioni yanayofanyika sebuleni. Cumbia, muziki wa dansi wa Amerika ya Kilatini, ikipigwa, shangazi humshika mtoto mikono wakacheza. Jumapili binamu hufukuzana bustanini huku watu wazima wakichoma nyama. Mzazi hapo hatoi amri, anacheza na mwanawe, na mtoto wa miaka 3 hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa. Jumatatu hadi Ijumaa ndipo mambo hukwama: baba na mama wako kazini hadi usiku, jirani wa ghorofa ya chini analalamikia kishindo, na nje magari hayapungui.

Mtaa wa Little Village, Chicago, wenye wakazi wengi wa asili ya Mexico, ulikuwa na uhaba mkubwa wa maeneo ya wazi. Wakazi walidai kwa miaka mingi hadi bustani ya umma ya La Villita Park, yenye zaidi ya ekari 20, ikafunguliwa Desemba 2014 mahali palipokuwa na kiwanda cha bidhaa za lami, penye udongo uliochafuliwa. Kwangu mimi, kupigania uwanja ule nako ni kumhimiza mtoto acheze, tena kwa gharama kubwa kuliko mawaidha.

Uwanja peke yake hautoshi, nakubali. Anayeshinda na mtoto mara nyingi ni bibi, na semina za malezi zinazomwita mama peke yake, tena saa za kazi, humkosa bibi huyo. Afuatwe alipo, kwa Kihispania na kwa heshima, aulizwe yeye alicheza nini utotoni.