Data itoke kwanza, Windows ipigwe baadaye

Laptopu ikigoma kuwaka, ushauri unaotangulia karibu kila mara ni mmoja: piga Windows upya. Naupinga, ingawa mara nyingi unafanya kazi. Mashine inarudi ikiwa safi na tupu. Windows inapakuliwa tena wakati wowote, lakini hesabu za biashara na picha za watoto hazipakuliwi popote. Mara nyingi hitilafu yenyewe haijagusa mafaili hata kidogo. Yanapotea mikononi mwa mtu anayetengeneza.

Kwanza tazama mashine inakwama wapi. Kama hakuna taa wala feni, tatizo ni umeme. Chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake. Ukijaribu chaja nyingine, iwe na volti zilezile na ampea zisizo pungufu. Kama taa zinawaka na feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi, anza na RAM (vibao vya kumbukumbu): zitoe, futa meno yake kwa ufutio laini, rudisha moja moja. Milio au taa inayopepesa ihesabu, kwa sababu mwongozo wa mtengenezaji unaeleza maana ya kila idadi. Unganisha pia skrini ya nje. Huenda kioo ndicho kilichokufa. Katika hali zote hizi hakuna sababu yoyote ya kuigusa Windows.

Nembo ikitokea halafu ukaandikiwa "No bootable device", ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe (F2, Esc, F10 au Delete, kulingana na mashine), uone kama diski inatajwa. Isipotajwa, huenda imelegea kwenye soketi au imekufa. Ikitajwa, kagua mpangilio wa kuwasha na namna diski inavyosomwa. Betri ndogo ya ubao mkuu, mara nyingi CR2032, ikiisha, saa hupotea na mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani. Namna hiyo ya kusoma diski ikigeuka kutoka AHCI kwenda RAID, au kinyume chake, Windows inaanguka na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski ni nzima, data ni nzima, na mtu anafuta kila kitu kwa sababu ya mpangilio mmoja uliobadilika.

Hata hivyo, usibadilishe chochote BIOS kabla ya kufikiria BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Laptopu nyingi za sasa huwasha usimbaji zenyewe pale mwenye nayo anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, wala hajui. Ukigusa Secure Boot au TPM, mipangilio ya usalama iliyomo BIOS, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute mapema kwenye akaunti hiyo ya Microsoft, ukitumia simu, au kwa idara ya kompyuta ikiwa mashine ni ya kazini. Bila ufunguo huo, njia zote zinazofuata zitakuonyesha diski iliyofungwa, na fundi anayeahidi kuivunja anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Njia rahisi ya kutoa data haihitaji kufungua skrubu hata moja. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta ukurasa wa ukarabati. Nenda Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt, andika notepad, kisha File na Open, na uchague All Files. Dirisha hilo dogo linageuka kuwa kisomaji cha mafaili: bofya folda kwa kitufe cha kulia, nakili, bandika kwenye diski ya nje. Usishtuke herufi zikiwa zimehama na C ikaonekana kama D. Unaponakili hakuna alama ya maendeleo, dirisha linaonekana limeganda, liache likamilishe.

Ukurasa huo usipofika, andaa Ubuntu (mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi) kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher, ukitumia kompyuta nyingine. Flashi hiyo itafutwa yote, basi iwe tupu. Chagua kuijaribu Ubuntu, usichague kuisakinisha. Kama Windows haikuzimika kikamilifu, Ubuntu inaweza kukataa kuandika kwenye sehemu yake, na hilo ni jema: unahitaji kusoma tu. Diski ya kupokea iwe imeformatiwa exFAT au NTFS, kwani FAT32 haipokei faili la kufikia GB 4. Usiishie Desktop na Documents. Programu nyingi za uhasibu huweka data zake ProgramData au kwenye folda iliyo moja kwa moja chini ya C.

Jambo linalobadilisha hesabu zote ni diski inayokufa. Ukiwa ndani ya Ubuntu, sakinisha smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, andika kwenye Terminal sudo smartctl -a /dev/sda (sda ni jina la diski, la kwako linaweza kuwa tofauti), na kwa diski ya sahani (HDD) tazama mistari yenye namba 5, 197 na 198. Ile ya 197 ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma. Hapo acha kunakili faili moja moja, maana kila jaribio linaichosha. Chukua picha ya diski nzima, yaani nakala yake kamili, kwa programu ya ddrescue: mzunguko wa kwanza na -n, ili ichote sehemu nzima na kuruka mbovu, kisha wa pili na -r3 kuzirudia zile mbovu. Usisahau faili la kumbukumbu la ddrescue (mapfile), kwa maana ndilo linalokuwezesha kuendelea ulipoishia umeme ukikatika. Diski ya kupokea iwe na nafasi kuzidi ukubwa wote wa ile mbovu, hata kama data ni kidogo. Hakikisha kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, ipi ni ipi. Ukigeuza chanzo na mpokeaji, umejifutia mwenyewe.

Ndiyo maana chkdsk /r, amri ya Windows ya kukarabati diski inayosifiwa kila kona, naiweka mwisho kabisa. Inapekua uso wote wa diski na kuandika upya kumbukumbu za mafaili, na kwenye diski mgonjwa inaweza kukuachia vipande visivyo na majina ndani ya FOUND.000. Hali ni ileile ukiunganisha diski kwenye kompyuta nyingine na Windows ikakwambia uiformati kwanza: bonyeza Cancel. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sahani, kosa la kuiformati ni zito zaidi, kwa sababu TRIM, amri inayoiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa, inaweza kufuta kabisa kilichokuwemo ndani ya muda mfupi.

Diski ya sahani ikitoa mlio wa kugonga, izime na uipeleke kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Hakuna programu inayotibu kichwa kilichovunjika. Na pale hifadhi ilipochomelewa kwenye ubao, kama MacBook za sasa, mara nyingi ubao wenyewe lazima ufufuke kwanza.

Nakala ikishatoka, fungua mafaili kadhaa makubwa kwenye kompyuta nyingine, maana jina la faili kuonekana si ushahidi kuwa linafunguka. Kisha jaribu bcdboot C:\Windows, amri inayorudisha mafaili ya kuwashia Windows, ukiweka herufi uliyoiona kule Command Prompt. Ikishindikana, piga Windows.