Naongea peke yangu, na akili zangu timamu

Juzi mwenzangu wa kazini alichungulia mlangoni akauliza, "Uko na nani humo?" Sikuwa na mtu. Nilikuwa nahangaika na jedwali la hesabu lililokataa kulingana, nikafika mahali pa kusema kwa sauti: "Haya, hii jumla ya mwisho imejumlisha nini na nini?" Sikumaliza hata swali. Jumla ndogo ya katikati ilikuwa imehesabiwa mara mbili. Na karibu saa nzima nilikuwa nimeikodolea macho kimya kimya.

Anayeongea peke yake hudhaniwa akili zimeanza kumruka. Mimi nasema anayenyamaza ndiye anayejidanganya kirahisi. Kichwani wazo hukata njia: nusu sentensi, "hapo napajua," unaruka. Mdomo hauruki. Ukishatamka "kwa sababu," lazima sababu ifuate, na isipokuwepo unajisikia kabisa ukigugumia. Mara nyingi tatizo lenyewe limejificha papo hapo kwenye kigugumizi.

Watoto hawahitaji kufundishwa haya. Mtazame wa miaka minne akijenga kwa vibao: "Hiki hapa... aa, siyo, kile kikubwa." Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha 1923, aliyaona maongezi hayo kuwa ya mtoto asiyejua bado kumjali msikilizaji. Lev Vygotsky wa Urusi alimbishia. Aliwawekea watoto vikwazo katikati ya shughuli, mathalani penseli ya rangi inayohitajika haipo, na maongezi yakazidi. Kwake, mtoto anaiongoza kazi kwa maneno, na maneno hayo baadaye huzama ndani yakawa fikra. Niko upande wa Vygotsky. Naongeza tu kwamba kilichozama kinaweza kuibuliwa tena kazi ikiwa ngumu.

Wapo wanaofanya hivyo bila haya. Waandishi wa programu za kompyuta humweleza bata wa mpira wa kuchezea msimbo wao, yaani maagizo waliyoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari, mpaka kosa lijitokeze. Madereva wa treni wa Japani hunyooshea ishara kidole na kuitamka, maana jicho lililozoea hupita bila kuona.

Lakini si kila kelele ni kufikiri. "Mjinga mimi, mjinga mimi" haijawahi kunitatulia kitu. Kunung'unika nako hivyo hivyo. Kinachonisaidia ni swali lililokamilika, nikalijibu kwa sentensi iliyokamilika, kama vile naulizwa na mtu asiyeijua kazi yangu na asiye na haraka. Kunong'ona kunatosha.

Nikiwa mbele za watu naweka simu sikioni, na hakuna anayegeuka. Mbinu hiyo ilinifaa vizuri mpaka siku simu ilipoita, iko sikioni, nami niko katikati ya hoja.