Mpigieni mama simu dawa zikifika

Kitochi cha mama kililia tukiwa jikoni, kwetu Lushoto. Maandishi madogo hayaoni tena, kwa hiyo alimpa mjukuu wake amsomee. Punguza chumvi, fanya mazoezi, meza dawa kila siku bila kuacha. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akisogeza kuni, kisha akauliza, "Hao wanaotuma, wamesema dawa zimefika?"

Alikuwa na siku kumi na moja hajameza kidonge cha presha. Alikwenda zahanati, mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu kwa mtu wa miaka 71, unashuka mlima mmoja na kupanda mwingine, akaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo. Akarudi. Bado. Mara ya tatu hakwenda. Alijipa moyo kwamba kichwa hakimuumi na miguu haijavimba, basi presha imetulia. Nilipompima kwa mashine niliyotoka nayo mjini ilisoma 182 kwa 104, wakati kuanzia 140 kwa 90 tayari huhesabiwa kuwa presha ya kupanda. Na yeye hakuwa anasikia chochote. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka na miaka, na siku unapojitangaza mtu ameshapooza upande mmoja.

Ndiyo maana kila nikisikia kwamba simu zitatusaidia kudhibiti presha vijijini, nakubali, lakini nauliza simu hiyo itabeba habari gani. Kumbusho lina kazi yake. Cape Town, Afrika Kusini, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa presha 1,372 kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliotumiwa ujumbe walishikamana zaidi na dawa zao, ila presha yenyewe ilishuka kidogo sana, kama pointi mbili hivi. Nami naona kumbusho linamfaa mwenye dawa ndani. Mama yangu hakusahau dawa. Alizifuata mara mbili akazikosa.

Na jambo ninalolitaka limeshafanyika hapa hapa Tanzania, kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 2009 ulianza mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila Alhamisi wahudumu wa vituo 129 walipokea ujumbe kwenye simu zao wenyewe ukiwauliza wamebakiwa na dawa za malaria kiasi gani. Walijibu bure, na aliyejibu kwa wakati alirushiwa salio. Viongozi wa afya wilayani waliona kituo gani kimeishiwa na kipi kina ziada, wakazihamisha dawa. Mwanzoni vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa hizo; baada ya wiki 21 vilibaki 26. Hiyo ilikuwa zama za vitochi, bila bando wala programu ya simu janja.

Kwa nini swali lile lile lisiulizwe kuhusu amlodipini, dawa ya presha? Ni kidonge cha bei nafuu, kinamezwa mara moja kwa siku. Malaria ilipewa uzito kwa sababu inaua haraka na inaua watoto. Presha inaua taratibu, na kijijini mara nyingi inamchukua mzee, watu wakasema umri umefika. Mimi sikubali kwamba umri wa mama yangu umefika.

Upande wa mgonjwa pia haudai mambo makubwa. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa watu 137,294 nchi nzima. Mmoja wao akiwa na orodha ya wenye presha kijijini kwake anaweza kuwapigia. Apige, asiandike, na kwetu aongee Kisambaa. Aseme dawa zimefika, njoo Jumanne, na ukija tutakupima. Akijua simu ni ya nyumba nzima, amwite mwenyewe kwanza kabla hajataja ugonjwa, maana wapo wanaoficha hata kwa wakwe zao. Mama huchaji kitochi chake dukani kwenye sola mara mbili kwa wiki, na akipigiwa huwa anapatikana.

Kwa sasa namtumia vidonge vya mwezi kwa basi kutoka Tanga, navifunga kwenye bahasha pamoja na betri za mashine ya kupimia. Jirani yake ana presha kama yeye, na hana mtoto mjini. Mwezi uliopita nilimkuta mama ameshika kisu anavigawa vidonge vyangu mafungu mawili juu ya sahani.