Ritifaa ya Jina Langu

Juzi karani mmoja hapa Hamburg aliinua kalamu akaniuliza kama ile alama hukaa kabla ya herufi g au baada yake. Nilimjibu, akaiandika, kisha akanigeuzia karatasi niihakiki. Kulitamka jina kulimshinda kabisa, lakini aliliandika sawasawa: Ng'oma.

Nyumbani ni kinyume. Jina hili, ambalo babu alivuka nalo Ziwa Nyasa kutoka Malawi, si la kawaida kwetu, lakini anayesema ng'ombe na ng'ambo hawezi kushindwa kulitamka. Akishika kalamu tu, ritifaa inatupwa nami nageuka Ngoma. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'oma, cha kidato cha nne Ngoma, kitambulisho Ngoma. Yaliyofuata mnayajua, mpaka nikaapa mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mimi mmoja.

Najua nitaambiwa nimekula mkate wa Wazungu siku mbili na sasa nawafundisha Kiswahili. Sivyo, ndugu zangu. Tahajia hii ni yetu, tumefundishwa tukiwa wadogo: kung'oa ni kuutoa mti na mizizi yake, ilhali kulia ngoa ni kuona wivu. Mnaosema kwamba "ngombe" inaeleweka bila ritifaa mna haki kidogo, kwa sababu hakuna ngombe mwingine wa kuchanganywa naye, lakini jina la mtu likiwa peke yake katika orodha halina sentensi ya kuliokoa. Mwalimu alikuwa akisoma "Ngoma" katika daftari la mahudhurio, darasa zima linapiga madawati, na nilipigiwa hivyo miaka saba.

Wajerumani nao hutenganisha drücken, yaani kusukuma au kubonyeza, na drucken, kuchapa, kwa nukta mbili tu juu ya u. Katika mistari ya chini ya pasipoti zao, inayosomwa na mashine, ü huwa UE. Ritifaa, kwa kanuni ya kimataifa, hufutwa bila kuachiwa hata nafasi. Mashine naisamehe. Karani wa kwetu ana masikio, na sauti hiyo ameizaliwa nayo.

Mwezi ujao mdogo wangu atamwandikisha mwanawe. Nimemsihi asiondoke dirishani kabla ya kuisoma hati herufi kwa herufi, na akikuta Ngoma airudishe palepale, hata foleni nzima ikinung'unika.