Simba wa Noti ya Elfu Mbili

Huu ni mwaka wangu wa 31 nikiishi Arusha, na simba pekee ninayemfahamu kwa karibu ni yule aliyechapwa kwenye noti ya shilingi 2,000. Faru namwona kwenye noti ya 5,000, na tembo wa noti ya 10,000 hupita kwangu kila mwisho wa mwezi akiwa njiani kuelekea kwa mwenye nyumba. Asubuhi, ninaposubiri daladala pale Kisongo, magari ya watalii hunipita moja baada ya jingine, yamebeba watu waliovuka bahari kuja kuwatazama wanyama wanaoishi mwendo wa saa mbili kutoka kitandani kwangu. Wageni hao hunipungia mkono, nami huwapungia, kwa kuwa sina jambo jingine la kuwafanyia.

Mambo yalianza kuharibika pale mwanangu wa darasa la pili alipoulizwa shuleni, pamoja na wenzake, nani amewahi kumwona simba. Alinyoosha mkono peke yake na kueleza kwamba hajamwona bado, ila baba yake atampeleka Desemba shule zikifungwa. Baba mwenyewe alipata taarifa hiyo jioni, akiwa anakula ugali.

Mke wangu aliitisha kikao Jumapili. Mama mkwe alishuka kutoka Marangu na hotipoti ya mtori, shemeji akashirikishwa kwa simu kutoka Dar es Salaam, na jirani yetu, ambaye ameendesha watalii kwa miaka mingi, akaalikwa kama mtaalamu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza kila mmoja anataka kuona nini. Mtoto alitaka simba. Mama mkwe alitaka faru, kwa sababu anataka kuthibitisha kama pembe yake ni kubwa kweli kama ilivyo kwenye noti. Mke wangu alitaka twiga. Shemeji, ambaye hutazama sana televisheni, alisema kwamba yeye hawezi kusafiri kutoka Dar es Salaam kwa jambo dogo, hivyo ni lazima aone nyumbu wakivuka mto Mara huku mamba wakiwasubiri.

Jirani alisikiliza kwa adabu, kisha akaanza kutubomoa taratibu. Nyumbu, alisema, huvuka mto Mara kaskazini mwa Serengeti kati ya Julai na Oktoba. Desemba huwa wameshateremka kusini kuelekea nyanda za Ndutu, ambako huzaa kuanzia Januari hadi Machi, na hawana utaratibu wa kurudi mtoni kwa ajili ya shemeji. Tembo wa Tarangire nao hujaa kando ya mto wakati wa kiangazi, lakini mvua za vuli zikinyesha wengi hutawanyika nje ya hifadhi. Faru yuko kreta ya Ngorongoro, lakini kreta hiyo haina twiga, kwa kuwa kuta zake ni za mwinuko mkali na malisho ya kuwafaa ni machache. Kwa maneno mengine, familia yangu ilikuwa imechagua wanyama wasiosalimiana.

Hapo tulikuwa bado hatujagusa fedha. Nakiri kwamba kiingilio cha raia ni cha shilingi na hakiumizi kama kile cha dola anacholipa mgeni, ila raia ni lazima athibitishe uraia wake, na shemeji ana namba ya kitambulisho tu, kadi yenyewe anaisubiri mwaka wa tatu huu. Mama mkwe alifungua pindo la kanga na kuweka mezani noti zilizokunjwa zikawa ndogo kama vidonge, akisema huo ndio mchango wake wa getini. Jirani akamweleza kwamba mageti ya hifadhi hayapokei fedha taslimu. Mama mkwe alizikunja tena, moja moja, akamtazama jirani kama mtu aliyekataa salamu.

Kinachonikera hasa ni njia. Ukitoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Unakata kona Makuyuni, unapita Mto wa Mbu na Karatu, lami inakuachia geti la Loduare, na kuanzia hapo unakatiza eneo la Ngorongoro, ambalo nalo linataka kiingilio chake hata kama shida yako ni kupita tu. Nilipolalamika, jirani alisema kwamba Serengeti na Ngorongoro zilikuwa hifadhi moja mpaka zilipotenganishwa mwaka 1959. Laiti wasingalizitenganisha, ningalilipa mara moja! Miaka hiyo hata sijazaliwa, lakini uamuzi ule umekuja kunikamata mfukoni.

Nilipendekeza tutumie Noah ya rafiki yangu. Jirani hakucheka, alikohoa tu, kisha akafafanua kwamba kreta haishukwi na gari lisilovuta magurudumu yote manne. Kukodi Landikruza, dereva na mafuta juu, kunatajwa kwa dola kwa siku, ingawa mwenye gari tunamfahamu, amezaliwa Tengeru na mama yake huuza ndizi kwa shilingi.

Basi tukaanza kupunguza. Serengeti iliondoka kwanza, Ngorongoro ikafuata, Manyara haikupata hata mtetezi. Tarangire ilidumu hadi jirani alipotaja mbung'o na jinsi wanavyofuata nguo za bluu na nyeusi, na shemeji akasikika kwenye simu akisema kwamba ndizo alizoshona. Ikabaki Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambayo Noah inaifikia ukipinda kushoto Usa River kama unaenda Moshi. Ina maziwa ya Momella yenye flamingo, ina nyati, mbega na twiga wengi, ikimaanisha kwamba mke wangu ndiye aliyeshinda, kama ilivyo desturi ya nyumba hii.

Ukishaingia geti la Ngurdoto unakuta uwanda mdogo wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo. Mke wangu alipompigia kaka yake kumpa uamuzi wa kikao, alimwambia kwamba tunaenda Serengeti, kisha mtandao ukakatika kabla hajamalizia jina. Shemeji ameshakata tiketi za basi za watu wanne na amenunua darubini.

Simba katika hifadhi hiyo hakuna. Sijamwambia mtoto, kwa sababu jana mwalimu wake alinisimamisha getini mwa shule, akaniomba kwa heshima zote nimpige picha simba akiwa amefungua mdomo, ili waibandike darasani.