Zambarau za Chumvi

Aliyeanza ni Nasra, binti yangu. "Baba, kila siku wali na samaki, hatuchoki?" Nikamwambia samaki mwenyewe hajachoka kuliwa, tutachoka sie? Mama yake akaguna. Wenye wake mnaujua mguno ule: ukishatoka, kikao kimefungwa.

Basi Ijumaa magharibi tukajikokota, mie, mke wangu, watoto watatu, na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Wete, Pemba, kutibiwa magoti na sasa yupo mwezi wa pili. Tunakwenda mkahawa wa Mediterania. Si Mjini Mkongwe huko kwa watalii, ni hapa hapa mtaani kwetu, pale palipokuwa duka la saruji. Wamepaka nyeupe na buluu, wakatundika chungu cha maua, na bei ikapanda.

Menyu hakuna. Kuna kijimraba cha madoadoa kimebandikwa mezani, ukimulike kwa simu ndiyo vyakula vitokee. Yaani bando langu, nilinunue kwa pesa yangu, linionyeshe namna nitakavyofilisiwa! Mama akakikwangua kile kijimraba kwa ukucha, akidhani ni bei iliyosahauliwa kubanduliwa tokea dukani.

Akaja kijana wa kuhudumia, aproni nyeusi, Kiswahili anakitoa kwa puani kama kakiokota uwanja wa ndege. Nikamuuliza, wewe mwenyeji wa wapi? Makunduchi. Nikamwambia basi sema kama mtu wa Makunduchi, mzee wangu hapa hasikii vizuri. Tokea hapo tukaelewana.

Nasra akatusomesha: hivi ni vyakula vya nchi zote zilizoizunguka ile bahari, Ugiriki, Uturuki, Lebanon, hadi Misri. Sawa. Lakini nchi zote hizo zikutane, halafu zituletee visahani vya kumlia paka?

Kikaja cha kwanza, hummus. Nikakikodolea macho. Dengu zimechemshwa zikasagwa, zikatiwa ndimu, thomu na ufuta uliopondwa mpaka ukawa uji, katikati kimechimbwa kisima cha mafuta. Sie ufuta wetu unakaa juu ya mkate, ndiyo maana ukaitwa mkate wa ufuta. Hawa wameubandua, wakauweka bakulini peke yake, mkate wakauleta uchi. Halafu unalipishwa uvirudishe mwenyewe! Elfu kumi na nne. (Nilikifuta kile kisahani mpaka kikang'aa, lakini hiyo ni kwa sababu ya elfu kumi na nne.)

Zikaja falafel, sita. Mama akaimega moja, akachungulia ndani, kijani ya kotmiri. "Nyie, hizi si badia hizi?"

"Ni badia mama."

"Sasa urojo wake u wapi?"

Nasra anaeleza kwamba Misri wanazifanya kwa maharage yanayoitwa ful na Lebanon kwa dengu, bibi yake keshamgeukia kijana: "Mwanangu, niletee na mbatata na pilipili kidogo." Kijana wa watu akajibu kwa adabu zote kwamba urojo hawana. Mama akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyejenga nyumba akasahau mlango.

Lakini mie kilichoniua ni pweza. Ulikuja mnyiri mmoja. Mmoja! Umejikunja katikati ya sahani kubwa kama mfiwa, juu yake kipande cha ndimu na jani. Thalathini na nane elfu. Pweza ana minyiri minane, ile saba imekwenda kula nani? Na pweza yule hakutoka Ugiriki, nakuapieni. Katoka Jambiani, kachokolewa mwambani na mama wa watu maji ya bamvua yalipotoka, akaja mjini kwa daladala. Kasafiri kwa daladala, ila mie nimemlipia tiketi ya ndege.

Ndipo mama akakiona kibakuli cha tunda jeusi linalong'ara. "Alaa, zambarau!" Kabla sijaunyoosha mkono, moja imo mdomoni. Uso ukajikunja wote, hata ushungi ukasogea. "Zambarau gani hizi zimekufa maji?"

"Bibi, hizo ni zeituni."

Akaacha kutafuna. "Zeituni hii... ya Wattini wazzaituni?"

"Ndiyo bibi."

Watu wazima sie, tumeisoma sura ile ya Kurani tangu chuoni kwa fimbo ya maalimu, tini na zeituni zinaapiwa humo, na sote pale mezani hakuna aliyewahi kuitia mdomoni. Mama akakaa sawa, akasema Bismillahi, akachukua ya pili. Ya tatu. Hakukunja uso tena. Kibakuli chote akakimaliza peke yake, na wajukuu wakinyoosha mkono anawapiga kidole.

Bili ikaja: laki moja na sitini na moja elfu, ndani yake asilimia kumi ya huduma. Huduma ipi? Ya kunifundisha kupiga picha meza? Nahesabu noti huku roho yanitoka, namwona mama anafunga kitu kwenye ncha ya kanga. Kokwa. Kumi na tatu.

"Za nini tena, mama?"

"Zitakwenda Wete, nizifukie pale ubavuni mwa mikarafuu."

Nasra akaingia kwenye simu, simu yangu, bando langu. "Bibi, wanasema mzeituni usipopata msimu wa baridi hauzai."

"Basi tutaupa baridi," akasema mama, na akanigeukia mie. "Friza lako linagandisha vizuri?"

Leo siku ya nne. Kokwa kumi na tatu zimelala ndani ya kikombe changu cha chai, kwenye friza, pembeni ya kichwa cha jodari, na hakuna ruhusa ya kuzisogeza. Jana Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, imekatika usiku, nikaamshwa saa nane niende nikanunue umeme, zeituni zisije zikapata joto.