Habari ambayo Joe Bradley hakuiandika

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa shangazi. Mvua inanyesha, kifurushi cha king'amuzi kimekwisha, na tamthilia yake ya Kituruki imekatika pale pale mama mkwe alipokuwa anafungua barua. Ili nyumba ipate amani nikafungua kompyuta nikamwekea Roman Holiday, ile filamu ya mwaka 1953 ya Audrey Hepburn na Gregory Peck. Shangazi Kiingereza chake ni cha salamu tu, kwa hiyo nikawa namtafsiria. Ufundi wa Lufufu sina, yule aliyetusimulia filamu za kwenye kanda mpaka tukasahau kwamba waigizaji nao wana sauti zao, lakini nilijitahidi. Kila baada ya dakika chache ananinyamazisha: "Hebu tulia, nimeshaelewa."

Filamu hii nimeiona mara nyingi, na kila ninaposoma mtu akiisifia, sifa ni zile zile: Vespa, aiskrimu, nywele fupi za Audrey, Roma ya jua kali. Zote ni haki yake. Lakini mimi nimekula mshahara wa gazeti kwa miaka tisa, na naona tunaisifia kwa upande wake mwepesi. Kwangu ni filamu ya mwandishi aliyeiua habari yake mwenyewe, habari ya maisha yake, wakati hakuna aliyemshikia bastola.

Kwa ambaye hajaiona: Ann ni binti mfalme wa nchi isiyotajwa jina, yuko ziarani Ulaya. Ametoka London, Amsterdam na Paris, sasa yuko Roma, anapokea wageni waliojipanga mstari usioisha. Chini ya gauni lake refu amechomoa mguu kwenye kiatu ili aupumzishe, kisha kiatu kinamponyoka na hakipati tena. Usiku anashikwa na kilio, daktari anamchoma sindano ya usingizi, na kabla dawa haijamkolea anatorokea nyuma ya gari la mizigo. Joe Bradley, mwandishi wa shirika la habari la Kimarekani, anatoka kuliwa hela kwenye karata, anamkuta amelala kando ya barabara, anadhani ni msichana aliyelewa. Dereva wa teksi anakataa kubaki naye. Basi Joe anamchukua hadi chumbani kwake, mtaa wa Via Margutta.

Asubuhi Joe anapitiliza usingizi. Alitakiwa awe kwenye mahojiano na huyo huyo binti mfalme saa sita kasorobo mchana. Anakimbilia ofisini na kumwambia mhariri wake kwamba mahojiano ameshayafanya, yamekwenda vizuri, na anaanza kumpa hata majibu. Mhariri anamwacha aongope mpaka achoke, kisha anamwekea gazeti mezani: binti mfalme ameugua ghafla, shughuli zote zimefutwa. Kwenye ukurasa wa mbele kuna picha. Joe anaitazama, na uso wa Gregory Peck hapo ni uso ninaoujua, nimeuona kwa wenzangu na nimeuona kwenye kioo cha choo cha ofisi. Ni uso wa mtu aliyegundua kwamba habari kubwa kuliko zote imelala kwake, imevaa pajama zake.

Hapo biashara inaanza. Mhariri atatoa dola 5,000 kwa mahojiano ya siri za moyo yenye picha. Wanawekeana na dau la dola 500 kwamba Joe hataweza. Joe anarudi nyumbani, anamwambia Ann kwamba yeye ni mtu wa biashara ya mbolea na kemikali. Ann naye anamwambia kwamba anaitwa Anya na ametoroka shule. Waongo wawili wanatoka kwenda kuutembelea mji.

Rafiki yake Joe, mpiga picha Irving, ana kamera ndogo ndani ya kiberiti cha gesi. Ann anavuta sigara ya kwanza maishani mwake mezani kwenye mkahawa, na huyo anayemwashia anamwibia sura. Watazamaji wengi hucheka, nami nilikuwa nacheka. Safari hii shangazi hakucheka. "Anampiga picha?" "Ndiyo, shangazi." "Na yeye hajui?" "Hajui." Akavuta kanga mabegani akanyamaza. Kwake mambo ya kuchekesha yalikuwa yamekwisha hapo, na nadhani ndivyo filamu yenyewe inavyotaka, maana kuanzia hapo kila raha ya Ann ina bei ambayo yeye haijui. Asubuhi alikopeshwa lira 1,000, kama dola moja na nusu, akaona ni utajiri. Akanunua viatu vya wazi, akakata nywele karibu na chemchemi ya Trevi, akala aiskrimu kwenye ngazi za Piazza di Spagna, muuza maua akampa ua bure. Pembeni kuna mtu anahesabu dola elfu tano.

Niseme na langu. Miaka ya nyuma, kwenye gazeti ambalo jina lake nitalisitiri, niliwekewa mezani picha ya msichana ambaye baba yake alikuwa mtu mzito. Yuko kwenye sherehe ya watu, amekaa kwenye ngazi, viatu amevishika mkononi, analia. Hakuna aliyejua analia nini. Tulichojua ni baba yake. Maneno ya chini ya picha niliyaandika mimi kwa dakika tatu, na yalikuwa ya kuchekesha kwelikweli. Nakala zilikwisha mitaani kabla ya saa nne asubuhi. Nikapongezwa mbele ya wenzangu. Mpaka leo sijui yule mtoto alikuwa analia nini.

Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya filamu hunikaa vibaya kooni. Ann anarudi ubalozini usiku ule kwa hiari yake, anavaa tena vile vyeo vyake, na wazee wanaomsimamia wakitaka kumkumbusha wajibu anawajibu kwamba kama asingeujua wajibu wake asingerudi usiku ule, wala usiku mwingine wowote. Joe anapofuatwa na mhariri anayedai mali yake, anasema hana habari. Mhariri anajua anaongopa. Irving anakuja na picha zake mbichi mkononi, anamwagiwa kinywaji, anakanyagwa, mpaka naye anaelewa kwamba hakuna kuuza. Lugha yetu ina neno la kitendo hiki: kumsitiri mtu. Si kuficha. Anayeficha huweza kuwa anajikinga mwenyewe. Anayemsitiri mwenzake hutoa kitu chake, nguo yake, usingizi wake, hela yake, ili mwenzake asionekane uchi. Joe hakumbusu tena, hakumfuata, hakumwandikia. Alimsitiri tu.

Kesho yake ni mkutano na waandishi kwenye jumba la Palazzo Colonna. Baadhi ya wale waliosimama kwenye mstari walikuwa waandishi wa kweli wa magazeti ya nje, wanajitaja kwa majina yao na ya magazeti yao. Ann anaingia na kumwona Joe kati yao, na kwa mara ya kwanza anamjua ni nani. Fikiria alichokipata kifuani kwa sekunde ile. Mtu mmoja anamuuliza maoni yake kuhusu urafiki kati ya mataifa. Anajibu kwamba ana imani nao, kama alivyo na imani na uhusiano kati ya mtu na mtu. Joe, bila kuulizwa, anasema kwa niaba ya shirika lake kwamba imani hiyo ya mtukufu haitavunjwa. Ann anajibu kwamba amefurahi sana kulisikia hilo.

Nilikuwa bado natafuta tafsiri ya "urafiki kati ya mataifa" shangazi akaniwahi: "Amemjibu."

Bila shaka amemjibu. Shangazi amekulia kwenye mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, anajua neno linavyoweza kusemwa mbele ya kadamnasi likamfikia mmoja tu. Mwanamke wa pwani akiwa na lake na jirani hamwambii, anavaa kanga anapita. Wale waandishi na maofisa waliojaa ukumbini walisikia diplomasia. Watu wawili walisikia ombi la siri na kiapo. Nimesoma watu wakilalamika kwamba mwisho huu ni baridi, kwamba walitaka wakimbiliane. Kwa mtu aliyezoea mafumbo hakuna sehemu ya moto kuliko hii. Na bado kuna lile swali la mwisho: kati ya miji yote, upi umekupendeza zaidi? Mzee wa itifaki anamnong'oneza jibu lililoandaliwa, kwamba kila mji kwa namna yake. Ann analianza, linamshinda, anasema: Roma. Kwa vyovyote vile, Roma.

Irving anamkabidhi bahasha, kumbukumbu ya ziara, anasema. Ndani zimo picha zote, na ya juu kabisa Ann anampiga askari kanzu gitaa la kichwa kwenye dansi ya mtoni chini ya Castel Sant'Angelo. Mwandishi mwenzangu, pima mwenyewe ile bahasha ni mahari ya namna gani.

Mwaka ule dunia ilikuwa na sababu ya kuielewa hadithi hii, na sababu moja ilianzia kwetu. Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuwa Kenya, ziarani kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Alipanda hoteli ya mtini ya Treetops karibu na Nyeri akiwa binti mfalme, baba akafariki usiku, akashuka akiwa malkia. Miezi michache baadaye William Wyler alikuwa Roma anaongoza filamu hii kiangazi. Ilipotoka Agosti 1953, magazeti yalikuwa yanamwandama Margaret, mdogo wake Elizabeth, kwa sababu ya mapenzi yake na Peter Townsend, mwanajeshi aliyeachana na mkewe. Mwaka 1955 Margaret alitangaza kwamba hataolewa naye. Waandishi waliomzunguka hawakuwa na hulka ya Joe.

Halafu kuna jambo la nyuma ya pazia. Hadithi ya filamu iliyohusu mtu anayeficha jina lake iliandikwa na mtu aliyelazimika kuficha jina lake. Dalton Trumbo alikuwa mmoja wa wale kumi wa Hollywood waliokataa kujibu mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1947 kama wao ni wakomunisti. Alifungwa jela, na studio zikamfungia milango. Rafiki yake Ian McLellan Hunter akamkopesha jina. Oscar ya hadithi bora ikatolewa kwa Hunter, sambamba na ya Audrey ya mwigizaji bora wa kike na ya Edith Head ya mavazi. Trumbo alifariki mwaka 1976. Sanamu yake alikuja kupewa mjane wake mwaka 1993, na chama cha waandishi kikamrudishia jina lake kwenye filamu mwaka 2011. Hunter alimsitiri rafiki. Studio zilificha. Ni miaka ile ile, filamu ile ile.

Sitaki nionekane nimelewa nayo. Ann ana miaka ya Audrey, 23, na Joe ana ya Peck, 36, na kama si ile heshima ya Peck mambo ya chumba cha Via Margutta yangenuka. Waroma wengi humo wamewekwa ili wachekeshe: kinyozi, dereva, mama wa usafi mwenye mdomo. De Sica, mwongozaji wa Kiitaliano, alishatuonyesha kwenye filamu yake ya mwaka 1948 Roma nyingine, ya baba anayezunguka na mwanawe kutafuta baiskeli iliyoibwa, na ilikuwa mitaa ya mji huo huo uliotoka vitani. Wyler anaigusa Roma hiyo mara moja tu, kwenye ule ukuta wenye vibao vya shukrani vilivyowekwa na watu walioomba wakati wa mabomu. Ann anasimama pale na matakwa yake, anasema hayana matumaini ya kutimia.

Lakini kuna sekunde moja siichoki. Kwenye ule mdomo wa jiwe, Bocca della Verità, unaosemekana kumng'ata mkono mwongo, Ann anaogopa kuuweka wake. Joe anauweka, anavutwa, anapiga kelele, anauchomoa hauna kiganja. Peck alikuwa ameuficha kwenye mkono wa koti bila kumwambia Audrey. Ukelele wa msichana yule si wa kuigiza. Mbele ya jiwe linalopima ukweli, kati ya waongo wawili, kilichotoka kilikuwa cha kweli.

Filamu ilipokwisha, Joe ametoka peke yake kwenye ule ukumbi mrefu, viatu vyake tu vinasikika, anageuka mara moja, hakuna mtu. Nikadhani shangazi amesinzia.

"Na lile dau?" akauliza. "Zile dola mia tano, alizilipa?"

"Atakatwa kwenye mshahara, shangazi. Dola 50 kila wiki."

Akahesabu kwa vidole. "Wiki kumi," akasema, akainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni. "Si nyingi."